Nipe Mji: Juu ya Swali Ambalo Muulizaji Anajua Jibu Lake

Swali, kwa asili yake, ni ombi: anayeuliza amepungukiwa na kitu, na anayeulizwa anadhaniwa kuwa nacho. Msafiri anayefika stendi ya Sumbawanga na kuuliza gari la Namanyere linaondoka saa ngapi anakiri, kwa kule kuuliza, kwamba hajui, na anajikabidhi kwa mwenyeji katika jambo linalomhusu. Ipo hata hivyo aina nyingine ya swali ambamo utaratibu huu umegeuzwa, kwa maana kwamba muulizaji anajua jibu, muulizwa huenda halijui, na hakuna shughuli yoyote inayosubiri jibu hilo lipatikane. Ndilo swali la chemsha bongo, yaani mchezo wa maswali mafupi ya maarifa ambao siku hizi huchezwa jioni katika makundi ya simu ya watu waliosoma pamoja, ya wanakwaya, ya wapenzi wa mpira au wa historia, ambao wengi wao wametawanyika kati ya Sumbawanga, Mpanda, Mbeya na Dar es Salaam na hupitisha miaka bila kuonana. Falsafa ya maadili, yaani elimu inayochunguza lipi ni jema kutenda na kwa nini, ina haki ya kulishuku swali la namna hii, kwa kuwa anayeuliza asichohitaji kujua anaonekana ama kumpima mwenzake ama kumtega. Na kama hafanyi lolote kati ya hayo mawili, inabaki kuelezwa anafanya nini.

Mtego ndio ulio rahisi kuutambua. Kitabu cha Waamuzi, katika sura ya 14, kinasimulia jinsi Samsoni alivyowategea Wafilisti kitendawili katika karamu ya arusi yake iliyodumu siku saba, dau likiwa mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili. Wasomaji wengi huwalaumu wageni wale kwa kumtishia bibi arusi kwamba wangemteketeza kwa moto pamoja na nyumba ya baba yake asipowapatia jibu, na kweli lawama hiyo ni yao. Lakini ubaya ulikwisha kuingia kabla ya kitisho, kwa sababu kitendawili kilijengwa juu ya asali iliyopatikana katika mzoga wa simba, jambo ambalo Samsoni alilishuhudia peke yake na ambalo akili yoyote, hata ya mwenye hekima kuliko wote, isingeweza kulifikia kwa kufikiri. Swali lisiloacha njia ya haki ya kulifikia jibu linamlazimisha muulizwa atafute njia ya dhuluma, na karamu ile iliishia kwa watu thelathini kuuawa kule Ashkeloni ili deni la mavazi lilipwe.

Mtihani ni jambo la heshima zaidi, nao una historia ndefu katika Ufipa, ile nyanda ya juu iliyoinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao watu waliwaita Mapadre Weupe, ni shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, wakaipokea Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka mwambao wakapanda hadi katika vijiji vya nyanda za juu. Kanuni ya Lavigerie ilitaka mtu mzima anayeomba ubatizo afundishwe kwa muda wa miaka minne kwanza, na chombo cha mafundisho hayo kilikuwa katekisimu, kitabu cha maswali na majibu ambayo mwanafunzi aliyashika kwa moyo, kuanzia swali la nani aliyemuumba mtu na kuendelea hadi sakramenti. Si haki kuidharau njia hii kama wafanyavyo wakosoaji wengine, kwa maana iliwapa watu wasiojua kusoma lugha ya pamoja ya imani, na katekista aliyeketi na wazee na watoto akirudia swali lile lile mpaka kila mmoja ajibu alifanya kazi ya uvumilivu ambayo wasomi wachache wangeiweza. Hata hivyo swali la katekisimu lilikuwa na mlango nyuma yake: anayejibu aliingia, asiyejibu alingoja. Jibu halikuwa la anayelisema. Lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kazi yake ilikuwa kulirudisha lilivyo.

Katika nyanda hizo hizo, ambako mji wa Sumbawanga umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 na usiku wa Juni na Julai huwafanya watu wasogelee moto, limekuwapo swali la aina ya tatu, nalo ni kitendawili, ambacho Wafipa wanashirikiana na karibu jamii zote za Afrika Mashariki. Utaratibu wake, kama unavyojulikana kwa Kiswahili, unastahili kutazamwa hatua kwa hatua. Mtegaji anatangaza: "Kitendawili!" Wasikilizaji hujibu: "Tega!" na kwa neno hilo moja wamekubali kuulizwa, hivyo hakuna anayeshambuliwa kwa ghafla. Mtegaji anasema kwamba nyumba yake haina mlango. Mmoja anajaribu kusema kaburi, mwingine chungu, na kila jaribio linapimwa mbele ya wote, wala halichekwi kwa dharau kwa kuwa kila mmoja anaona lilikotoka. Wote wakishindwa, mtegaji anasema: "Nipe mji." Walioshindwa wanataja mji, tuseme Kigoma, naye anaukubali, pengine akieleza jinsi alivyofika huko, akapokewa na kulishwa vizuri, halafu ndipo anatoa jibu, kwamba ni yai.

Mambo mawili yamefungwa katika desturi hiyo fupi, na yote mawili ni ya kimaadili. La kwanza ni kwamba mtegaji hana ruhusa ya kubaki na jibu. Akishapewa mji amefungwa kulitoa, hivyo siri yake tangu mwanzo ilikuwa amana tu, yaani kitu alichokishika kwa niaba ya wote mpaka saa yake ifike. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kwamba kutojua kumefanywa kuwa kitu kinachoweza kutolewa. Anayeshindwa hafedheheki kwa kunyamaza, bali anasimama kama mwenye mali, anatoa mji mzima kwa ukarimu ambao hana uwezo nao mchana, na kwa tendo hilo anakiri hadharani mpaka wa maarifa yake bila kuumia. Ni vigumu kufikiria namna bora zaidi ya kumzoeza mtoto kusema kwamba hajui.

Msomaji anayeijua historia ya Ufipa atakumbuka hapa simulizi la Milansi, kijiji kitakatifu cha watawala wa kwanza wa nchi hiyo, ambalo mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilitazama kwa makini kuliko mwandishi mwingine yeyote wa kigeni. Masimulizi yanaeleza kwamba mtawala Ntatakwa alipokuwa hayupo nyumbani walifika wanawake wageni wa ukoo wa Twa, nao wakakipata kiti cha enzi. Mtawala aliporudi aliikuta nchi imekwisha kuhamia mikononi mwao, naye akabaki na Milansi yake na heshima ya kidini iliyoambatana nayo. Simulizi hilo si kitendawili, wala haifai kulilazimisha liwe hivyo. Linaonyesha hata hivyo kwamba katika fikra za nchi hii mamlaka yaliweza kusimuliwa kama kitu kinachopita kutoka mkono hadi mkono kwa njia ya ugeni na mazungumzo badala ya vita, na kwamba aliyepoteza nchi hakupoteza utu wake.

Mapokeo ya Kiislamu yana ushahidi unaokaribiana na huu. Katika mkusanyo wa hadithi za Bukhari, ndani ya kitabu cha elimu, imepokewa kwamba Mtume Muhammad aliwauliza masahaba wake kuhusu mti usiopukutisha majani ambao mfano wake ni Mwislamu. Watu wakafikiria miti ya nyikani, na Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana kati ya wakubwa, alijua moyoni kwamba ni mtende lakini akaona haya kusema. Walipomwomba Mtume awaambie, aliwaambia. Hapa pia muulizaji alijua jibu, hapa pia hakulizuia alipoombwa, na swali lilikuwa na njia: mti huo ulikuwa ukionekana na kila mmoja wao. Wanazuoni wa baadaye waliiendeleza adabu hiyo kwa upande wa muulizwa, na inasimuliwa kuhusu Imamu Malik wa Madina, aliyefariki mwaka 795, kwamba aliulizwa maswali mengi na mtu aliyesafiri kutoka mbali, naye akajibu sehemu kubwa ya maswali hayo kwa kusema tu kwamba hajui.

Kwa msingi huu inawezekana kueleza kwa usahihi kinachoharibika pale mshiriki wa chemsha bongo ya simu anapolitafuta jibu kwenye intaneti, tendo ambalo vijana huliita kugugo. Muulizaji anaandika: Maporomoko ya Kalambo yako kwenye mpaka wa Tanzania na nchi gani? Baada ya muda mfupi linatua jibu la aya nzima, lenye urefu wa maporomoko, jina la mto na alama za uandishi ambazo mtu huyo hajawahi kuzitumia katika ujumbe wake wowote. Jibu ni sahihi. Nchi ni Zambia. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu alichokitoa mwaka 1978, alieleza mchezo kuwa ni hiari ya kujiwekea vikwazo visivyo vya lazima kwa ajili ya furaha ya kuvishinda, na kwa maelezo hayo mtu huyu hajashinda mchezo kwa kuwa hakuucheza. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayafiki chini vya kutosha. Kilichoibwa si alama moja, maana alama hazina thamani nje ya kundi. Kilichozuiwa ni mji. Wenzake walikuwa tayari kukipokea kutojua kwake kama zawadi, na yeye akawapa badala yake ujuzi wa kuazima, akiwa amejinyima nafasi ya pekee ambayo jioni ile ilimpa ya kuwa mpungufu mbele ya watu wanaomtakia mema.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya hayastahili uzito wote huu, kwa kuwa kujua majina ya mito na miaka ya mikataba kwa ajili ya mchezo ni udadisi mtupu. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliutenga kweli udadisi mbaya, yaani tamaa ya kujua iliyopotoka, na bidii njema ya kujifunza. Lakini mwandishi huyo huyo, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, kwamba mchezo ni pumziko lake, na kwamba kuna fadhila kamili katika kucheza kwa kiasi. Hoja yake inatosha kuuruhusu mchezo.

Jaribio gumu zaidi linatoka kwa muulizaji mwenyewe, pale jibu alilolishika kama amana linapokuwa na mgogoro. Swali jepesi la jiografia linatosha kuonyesha hivyo: Karema iko mkoa gani? Muulizaji ameandika Katavi, na hakukosea, kwa kuwa mkoa huo ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Mzee mmoja katika kundi atajibu Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka 1974, naye anasema alichokiishi kwa karibu miaka arobaini. Na mwingine aliyemzidi umri ataitaja Tabora, maana Wilaya ya Mpanda ilikuwa upande huo kabla ya kuunganishwa na Sumbawanga. Kanuni ya mchezo inamtaka mwamuzi atoe alama kwa mmoja na kupita. Kundi linalostahili jina la urafiki husimama hapo, linamwomba mzee aeleze barua za wakati ule zilipitia wapi na kesi zilisikilizwa wapi, na swali lililofuata, lililokwisha kuandaliwa, linasubiri mpaka kesho yake jioni.