Je, Jibu Sahihi Laweza Kuwa Uongo?

Nilishika chaki kwa miaka kadhaa, nikifundisha kemia katika shule moja ya bweni. Muhula mmoja niliwapa kidato cha tatu jaribio la titresheni alasiri, na asaimenti ya kumalizia hesabu wakati wa prepu. Kazi ya kawaida tu. Kwenye bureti, asidi. Ndani ya flaski, sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu pamoja na matone mawili ya fenolfthalini, ambayo huigeuza alkali kuwa ya rangi ya waridi. Unafungua koki taratibu huku ukitikisa flaski, hadi lile tone la mwisho linaifuta ile rangi. Unafunga, unasoma bureti. Unarudia mara tatu.

Asubuhi yake nikakusanya madaftari. Karibu yote yalikuwa na namba zilezile: 24.00, 24.00, 24.10.

Aliyewahi kushika bureti anajua huo ni muujiza. Koki huvuja. Kiputo cha hewa hukwama kwenye ncha, na kikitoka katikati ya kazi kinahesabiwa kama asidi. Mrefu husoma akiangalia kutoka juu, mfupi kutoka chini, na kila mmoja anapata namba yake. Tone moja tu ni takriban 0.05 ya sentimita ya ujazo. Mmoja alikuwa ameandika 24.03! Bureti zetu zina alama za kila 0.1, na tumezoea kusoma hadi nusu ya alama, yaani desimali ya pili ni 0 au 5. Hiyo 3 aliitoa wapi?

"Hizi mmepika," nikawaambia.

Hakuna aliyekana. Ila msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Lakini mwalimu, si ndiyo jibu? Hata wewe ulipata 24."

Hapo aliniweza. Ni kweli nilikuwa nimelifanya jaribio mwenyewe kabla yao, na nilipata 24.00. Kama namba ni ya kweli, uongo uko wapi?

Augustino, yule askofu wa Hippo aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, alishughulika sana na jambo hili. Kwake, uongo haukai katika maneno, unakaa ndani ya msemaji: ana hili moyoni, anatamka lile. Kwa hiyo mtu aweza kusema jambo ambalo ni kweli na bado akawa mwongo. Nami nikaongezea langu. Jedwali la titresheni halisemi tu habari za asidi. Ni ushahidi. Linasema: mimi, kwa macho haya, niliona hivi. Ile 24.00 ya kunakili ni kweli kuhusu asidi na uongo kuhusu aliyeiandika, sawa na shahidi anayesimulia mahakamani ajali iliyotokea kweli lakini yeye hakuwepo.

Wao walikuwa na hoja yao pia, na siidharau. Katika shule ya bweni, anayemnyima mwenzake daftari usiku wa prepu anaitwa mchoyo, na mchoyo hana rafiki. Wao waliita kusaidiana kile nilichokiita wizi.

Niliifurahia hoja yangu ya ushahidi hadi nilipofika kwenye daftari la kijana mmoja mkimya. Aliandika 22.90, 25.10, 24.60. Chini yake, kwa penseli: "Koki inavuja. Sijui ipi ni sahihi." Wastani hakutafuta, kwa sababu namba zisizokubaliana hazina wastani wa maana. Ndivyo nilivyomfundisha.

Sasa nisahihishe. Nilikuwa nikifuata mtindo wa karatasi ya tatu ya KCSE, ile ya vitendo, ili wazoee: alama moja ya kujaza jedwali, moja ya desimali, moja ya kukaribia namba aliyoipata mwalimu, moja ya kuchagua namba za kutafutia wastani, na moja ya jibu. Mtindo huo si wa kipumbavu. Msahihishaji haoni mkono wa mtoto, anaona namba tu. Na kesho mtoto huyo akiwa anapima dawa hospitalini, hatutaki atuletee 22.90 na kisingizio. Lakini hesabu ikatoka hivi: waliopika, 5 kwa 5. Aliyeona na kusema alichoona, 2.

Tena kuna jambo sikuwaambia darasani. Siku ya jaribio nilizunguka kati ya meza nikisema, "Mnapaswa kupata karibu 24." Nilisema ili kuwasaidia. Na koki ile nilijua inavuja tangu muhula uliotangulia. Nilikuwa nimeomba nyingine, nikaambiwa nisubiri bajeti.

Nilimwandikia 2, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "Rudia."

Wiki iliyofuata akaniletea daftari. 24.00, 24.00, 24.10. Hesabu safi, mwandiko safi, hakuna neno lolote la penseli. Nikampa 5. Akasema, "Asante, mwalimu," akaenda zake.

Bureti ilikuwa ileile. Bajeti ilikuwa bado haijatoka.