Jicho la Angani na Haki ya Kusitirika

Mipaka ya polisi katika kutumia droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, inayobeba kamera na kuongozwa kutoka ardhini, huhesabiwa kuwa suala la wanasheria, ilhali ndani yake limo swali la kale la dini: nani ana haki ya kumtazama mtu pasipo mwenyewe kujua?

Nchini Malawi droni zilipokewa kwa sura ya rehema. Mwaka 2016 serikali na UNICEF zilijaribu kama zingeweza kupeleka sampuli za damu za watoto wachanga, kwa vipimo vya VVU, hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe. Mwaka 2017 likafunguliwa Kasungu eneo la majaribio ya droni za misaada. Chombo hichohicho kikitoka mkononi mwa tabibu na kuingia mkononi mwa askari hakibadiliki umbo, ila uhusiano wake na anayetazamwa hubadilika kabisa.

Tofauti hiyo ni nzito zaidi Dzaleka, wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Nyumba zimebanana, na bafu la uani, kama ilivyo desturi katika sehemu nyingi za Malawi, ni wigo wa nyasi au matofali usio na paa. Wigo huo unamsitiri mwanamke anayeoga asionwe na jirani wala mpita njia, lakini kwa kamera iliyo juu yake ni kana kwamba haupo.

Wakazi wa kambi wanahitaji ulinzi dhidi ya wizi na moto, na droni inayomtafuta mtoto aliyepotea haina wa kuilaumu. Hata hivyo, Mei 2023 polisi na wanajeshi walifanya msako Lilongwe na kuwarudisha wakimbizi Dzaleka kwa nguvu. Aliyepitia hayo hawezi kulichukulia jicho la polisi kuwa la mlinzi tu.

Wapo wasemao kwamba Mungu huona yote, basi asiye na hatia aogope nini? Hoja hii inampa kiumbe cheo cha Muumba. Katika Kitabu cha Mwanzo, Hajiri, mjakazi aliyetoroka, anaitwa kwa jina na kuulizwa atokako na aendako, ndipo anamtambua Mungu kuwa ndiye amwonaye: kuonwa huko kulikuja pamoja na kusikilizwa. Kwa wanadamu, Kurani, katika Sura ya al-Hujurat, inakataza tajasusi, yaani kuchungulia siri za watu, na katazo hilo halimwachi nje mwenye mamlaka.

Kifungu cha 21 cha Katiba ya Malawi kinampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya faragha, ikiwamo kutopekuliwa nyumbani. Kuchungulia ua kutoka angani kuhesabiwe kuwa upekuzi, kuhitaji hati ya hakimu isipokuwa maisha yamo hatarini, picha zisizohusu kosa zifutwe, na wakazi waelezwe utaratibu huo kwa Kiswahili, lugha wanayoelewana kwayo kambini, pamoja na mahali pa kupeleka malalamiko, kabla droni ya kwanza haijarushwa.