Moshi utokee wapi?

Saa hizi za asubuhi kule Makete baridi imeshika, mlango wa jikoni umefungwa, na mama anapuliza kuni zilizolowa umande. Machozi yanamtoka. Mtoto aliye mgongoni anavuta moshi uleule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020. Huyu mama hastahili kulia kila asubuhi ili sisi tunywe uji.

Hewa ya moto hupanda. Tazama masizi yalipogandamana zaidi chini ya bati: hapo ndipo moshi unapotafuta njia. Toboa matundu juu ya ukuta, au inua kofia ya paa kidogo, ila mvua isiingie. Kisha acha tundu jingine chini, upande upepo unakotokea. Hili la chini wengi hulisahau, na hewa baridi isipoingia, ya moto haitoki vizuri. Mvuke wa maharage nao hupita humohumo; ukikwama hugeuka matone na kuozesha kenchi. Kwa hiyo funika sufuria. Na kuni za masika zipasue mapema, uzipange upenuni zikauke.