Nyota Hazina Amri Juu ya Nyoyo

Ndugu zetu Waislamu, twawasikia wanajimu wakitangaza ya kwamba nyota ya Utaridi itakaporudi nyuma, nyoyo zitasononeka na wachumba watateta. Wengine huahirisha nikaha kwa kuwa mwezi umo katika Akrabu.

Utaridi hairudi kamwe. Hulizunguka jua kwa siku 88, na kila iipitapo dunia, sisi tulio juu yake huiona kana kwamba yarudi. Hayo hutukia mara tatu au nne kila mwaka.

Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), na jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Mtume, hali amefiwa, akawakanya: jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake.

Baba huyo hakuukubali uwongo uliomtukuza mwanawe. Sisi, je, tuukubali unaotutisha? Mwenye dhiki na asali rakaa mbili, amtake shauri Mola wake, wala asiiulize nyota isiyosikia.

Wabillahi taufiki.