Kofia Hailindi Muundi

Wanangu wa kijiweni, siku hizi nawaona mnavaa kofia ngumu, na wengine mnabeba ya pili kwa ajili ya abiria. Nawashukuru sana. Lakini mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya mifupa, na vitanda vya wodi ile vilijaa watu waliovunjika miguu, wengi wao vijana wa rika lenu. Ndiyo maana nimewaomba mzime injini mnisikilize.

Pitisha kidole mbele ya mguu wako, kuanzia chini ya goti ukishuka hadi karibu na kifundo. Mfupa unaougusa ni wa muundi. Kati yake na kidole chako ipo ngozi tu, maana misuli yote imekaa nyuma na ubavuni. Gari likiigonga pikipiki ubavuni, bampa yake inafika hapo hapo. Pikipiki ikilala upande, chuma chote kinalala hapo. Na mfupa ukikatika, ncha yake haina umbali wa kwenda: inatoboa ngozi. Katika mifupa mirefu ya mwili, huu ndio unaoongoza kwa kuvunjika na kutokeza nje. Tena sehemu yake ya chini hulishwa na damu kidogo, kwa hiyo kuunga kwake ni kwa taratibu.

Likiwapo jeraha jirani na mahali palipovunjika, hata liwe kitundu kidogo tu, hesabu kwamba mfupa umeguswa na uchafu wa barabarani. Usiusukume ndani. Usipake majivu, mafuta ya breki wala dawa ya meno. Weka kitambaa safi, bonyeza pembeni kama damu inatoka kwa wingi, na safari ianze. Kinachosubiriwa hospitali ni dawa ya kuua vijidudu, na inatakiwa iingie mwilini mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Kuna sindano ya pepopunda. Kisha jeraha lioshwe kwa maji mengi katika chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa iondolewe. Haya yakichelewa, vijidudu hujificha ndani ya mfupa. Kipande cha mfupa kilichokufa hakifikiwi na damu, kwa hiyo hata dawa haikifikii. Nimeuguza vijana waliokuwa wakitoka usaha mguuni mwaka baada ya mwaka. Jeraha linafunga, familia inashukuru Mungu, halafu linafumuka tena. Mke amechoka, pikipiki imeuzwa, na mguu bado.

Sasa niseme juu ya kufunga mguu, na hapa mnivumilie, kwa sababu ndipo nilipoona machungu makubwa kuliko yote. Chini ya goti misuli imegawanyika katika mafungu manne, na kila fungu limezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe hujaa ndani ya fungu na havina pa kutokea. Shinikizo hupanda mpaka mishipa midogo ya damu inabanwa, na misuli inakosa hewa. Baada ya saa sita hivi, misuli inaanza kufa pasipo kurudi. Sasa mchukue kijana wa namna hiyo, umfunge mabanzi kwa kamba, ukaze ili mfupa usicheze, umpe dawa ya kutuliza, umwambie alale. Asubuhi vidole vimekuwa baridi. Kesho kutwa vimekuwa vyeusi. Hapo daktari hana la kufanya ila kukata, na mama yake analia akidhani hospitali ndiyo iliyoua mguu.

Dalili zake mzijue kwa moyo. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, na dawa haiyagusi. Ukimnyooshea vidole vya mguu taratibu, anapiga kelele. Misuli imekaza, unyayo unaanza kufa ganzi. Msidanganyike kwa kuwa mshipa bado unapiga juu ya unyayo, maana mshipa mkubwa huweza kuendelea kupiga wakati misuli inakufa. Na mtu akishafungwa hogo hospitalini, sheria ni hiyo hiyo. Hogo halina huruma likizunguka uvimbe. Maumivu yakizidi saa nane za usiku, arudi saa nane za usiku. Hogo litapasuliwa na bendeji yote ya chini yake ifunguliwe. Hilo lisipotosha, daktari atachana ule utando ili misuli ipumue. Kovu litakuwa refu, na mguu utakuwepo.

Sisemi haya kuwadharau wahazigi, wale waunga mifupa wa kienyeji. Wapo wenye mikono mizuri, na banzi lenyewe ni elimu yao ya tangu kale. Huko Uingereza, katika karne ya 19, alikuwepo daktari wa Liverpool aitwaye Hugh Owen Thomas. Baba yake alikuwa mhazigi, na ukoo wao ulitoka kisiwa cha Anglesey, ukirithishana kazi hiyo. Thomas alisomea udaktari, akabuni banzi la vyuma linalouvuta mguu na kuunyoosha. Alifariki mwaka 1891 bila kuona faida yake kubwa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, askari aliyepigwa risasi ikavunja paja alikuwa karibu amekwisha: hutajwa kwamba wanane kati ya kumi walikufa. Robert Jones, aliyekuwa amejifunza kazi kwa Thomas, akalipeleka banzi lile vitani, na kufikia mwaka 1918 waliokufa walikuwa karibu wawili kati ya kumi. Ninachokikataa ni kamba inayokaza, na siku tatu zinazopotea kabla ya picha ya eksirei.

Kwa nini paja liue? Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote, karibu robo ya kimo chako. Ukiona umevunjika, ujue kishindo kilikuwa kikubwa. Lita moja au moja na nusu ya damu huweza kumwagikia ndani ya paja bila tone kuonekana nje, na mtu mzima ana kama lita tano tu. Mwenzenu amekaa kando ya lami, hana jeraha, mnasema amenusurika. Yeye anasikia kiu, anatoka jasho la baridi, anaanza kuweweseka. Huyo anavuja damu ndani. Halafu ninyi mnampakia mshikaki, katikati ya dereva na anayemshikilia, paja linaning'inia na kila tuta ncha za mfupa zinachana misuli na mishipa. Acheni kabisa jambo hilo. Mlazeni. Wekeni nguo iliyokunjwa katikati ya miguu, mfunge mguu mbovu kwa mguu mzima kwa khanga pana, juu na chini ya palipovunjika, bila kukaza. Tafuteni gari analoweza kulala, hata kama ni la mizigo.

Najua pia mnaogopa vyuma. Kijana anaambiwa atawekewa msumari ndani ya mfupa, usiku anatoroka wodini kwa magongo. Zamani tulimvuta mtu mguu kwa uzito uliofungwa mwisho wa kitanda, akalala chali wiki nyingi, mgongo ukachubuka, kazi ikapotea. Msumari humfanya asimame baada ya siku chache. Upo unaotengenezwa na shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 mjini Richland, Marekani, na daktari Lewis Zirkle. Uliundwa makusudi ili uweze kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, kwa ajili ya hospitali za nchi kama yetu, na umetumika hata MOI, taasisi yetu ya mifupa pale Muhimbili. Msikimbie.

Baada ya hapo kazi ni uvumilivu, na vijana wengi hushindwa hapa. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi minne au zaidi, paja huweza kufika sita. Mtoto mdogo paja lake huunga kwa wiki chache, kwa hiyo usijipime kwa mwanao. Usikanyage kabla hujaruhusiwa, na ukiruhusiwa usiogope kukanyaga. Sigara iache kabisa, maana inachelewesha mfupa kuunga na kuzidisha hatari ya kidonda kuoza.

Mengine kwa ufupi. Wanaokwea minazi na kupanda majukwaa ya ujenzi, mtu akianguka akatua kwa miguu na kisigino kikapasuka, asiinuliwe kukalishwa: mfupa wa mgongo nao huweza kuwa umevunjika. Kwenye mpira, kifundo kikipinda, mchezaji asiyeweza kukanyaga hatua nne, au anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo kwa nyuma au kwenye ncha yake, apigwe picha kabla ya kuchuliwa. Na bibi aliyeteleza bafuni, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, amevunjika shingo ya paja. Asikandwe kwa maji ya moto wiki nzima.

Ninalowaomba leo ni dogo. Kijiwe hiki kiwe na mabanzi mawili marefu, khanga tatu safi ndani ya mfuko, na namba ya mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku. Khanga nimezileta. Mbao nimeshazungumza na fundi seremala wa pale njia panda, amezipiga randa na hataki pesa. Mmoja wenu aende akazichukue kabla hajafunga.