Hezekia Aliomba, na Tini Zikawekwa Juu ya Jipu

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, Yeremia 29:4-7



Nawasalimu wote: wazee wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya, na ninyi mlio wagonjwa nyumbani ambao karatasi hizi huwafikia kwa mkono wa jirani. Safari hii nimeombwa niandike juu ya saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana haifai mtu kuwaonyesha wengine njia huku akificha mahali alipojikwaa.

Dada mmoja wa kanisa letu, mjane mwenye watoto wanne, alikuja kwenye maombi ya Jumatano. Alikuwa anatokwa na damu nje ya siku zake, na kiuno kilimuuma. Alieleza kwa aibu, akimnong'oneza mke wangu. Tulifunga naye siku tatu. Siku ya tatu akasikia nafuu, nami nikamwambia, "Dada, umepokea. Usirudi nyuma kwa mashaka." Nilidhani nalinda imani yake. Yeye alielewa kwamba kwenda kupimwa ni kumkana Mungu. Akavumilia miezi saba, akifua vitambaa usiku ili watoto wasijue. Alipopelekwa hospitali hakuweza tena kutembea. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshaenea. Mwaka haukwisha kabla hatujamzika.

Wapendwa, Mungu hakumdanganya dada yule. Mimi ndiye niliyesema neno ambalo Mungu hakulisema.

Mstari wa saba

Tufungue 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akageuka ukutani, akaomba, akalia sana. Isaya alikuwa hajafika mbali neno la Bwana lilipomrudisha: ombi limesikiwa, machozi yameonekana, na mfalme ataongezewa miaka 15. Wengi wetu husoma mpaka hapo, tukapiga vigelegele na kufunga Biblia. Lakini mstari wa saba upo. Nabii yule yule aliyeleta ahadi aliagiza tini ziandaliwe. Wakazichukua, wakaziweka juu ya jipu, naye mfalme akapona.

Angalieni vizuri. Ahadi ilitoka kwa Mungu, dawa ilitoka kwenye mti, na mikono iliyoibandika ilikuwa ya wanadamu. Isaya hakuona kwamba tini zinaiaibisha ahadi. Basi sisi tulijifunza wapi kwamba anayeenda kupimwa ameacha kuamini?

Wengine hatuzuiwi na maombi bali na kungoja. Tunasema, "Nitapima nikifika nchi ya tatu," au, "Nitajali afya nikirudi kwetu Kivu." Kuna anayeogopa kwamba ugonjwa ukiandikwa kwenye faili, safari itakwama. Lakini ugonjwa uliofichwa haungoji tangazo la majina ubaoni. Ndiyo maana nimeweka somo la Yeremia 29. Wale waliopelekwa Babeli nao walikuwa wanangoja kurudi, na Mungu akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na wale matunda yake huko huko walipo. Mwili wako ni nyumba ambayo hukuiacha ulipokimbia. Utunze hapa hapa ulipo.

Saratani ni nini?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ambazo huzaliwa, hukua na kufa kwa utaratibu. Saratani huanza pale baadhi ya chembe zinapoacha utaratibu huo, zikaongezeka ovyo na kusambaa. Siyo uchawi, na haiambukizi kwa kula sahani moja na mgonjwa. Wala tusimtafutie mgonjwa dhambi yake. Wanafunzi walijaribu hivyo kwa yule kipofu wa Yohana 9, na Yesu akawakatalia. Wapo watakatifu waliojitunza vizuri, na bado wakaugua.

Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa. Hiyo ni sehemu kubwa, na mengi ya kufanya hayahitaji fedha.

Tunayoweza kufanya hapa tulipo

Kwanza, tumbaku. Iwe sigara, kiko au ugoro, inaleta saratani ya mapafu, ya kinywa, ya koo na nyingine nyingi. Baba, moshi wako unaingia pia kwa mtoto aliyelala karibu nawe.

Pili, pombe. Tangu 1988 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameihesabu kati ya vitu vinavyosababisha ugonjwa huu kwa wanadamu: ini, umio, kinywa, hata titi. Kanyanga, kasiksi, waragi na bia ya chupa vyote vimo. Ninajua kwa nini wengi hunywa hapa. Mtu aliyeona aliyoyaona njiani hutafuta usiku usio na ndoto. Ndugu, usinywe peke yako gizani, njoo tuongee. Hatutakuhukumu.

Tatu, ukungu katika nafaka. Mahindi na karanga vikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini, wengine huiita sumukuvu. Kwa miaka mingi huharibu ini na kuleta saratani. Ikiwa nyingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Kupika hakuimalizi. Kausha mahindi juu ya turubai, siyo juu ya udongo. Inua gunia juu ya mbao au mawe wakati wa mvua. Chambua karanga, na zilizooza au zenye rangi mbaya uzitupe. Usiwape kuku wala kutengenezea pombe. Najua inavyouma kutupa chakula, maana mgao umepunguzwa mara kwa mara tangu 2020. Ndiyo sababu tuhifadhi vizuri mapema, tusifike mahali pa kuchagua kati ya njaa na sumu.

Nne, mboga, matunda na nguvu za mwili. Wengine tukipata fedha kidogo tunaona sombe na lengalenga ni chakula cha umaskini, tunakimbilia soda na vya kukaanga. Sikilizeni habari ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji Mkristo aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kama kilomita 16,000, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi ugonjwa huo unapatikana. Leo unaitwa kwa jina lake, na watoto wengi hupona wakifika mapema. Aliporudi Ulaya, daktari huyu aliwaambia Wazungu wajifunze kwa wakulima wa Afrika, wale vyakula vyenye makapi na nyuzinyuzi: maharage, nafaka zisizokobolewa sana, mboga za majani. Aliamini ndivyo vinavyolinda utumbo, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba vyakula hivyo kweli hupunguza saratani ya utumbo mpana. Yule mgeni aliheshimu sahani yetu kuliko sisi wenyewe. Pandeni lengalenga hata nyuma ya nyumba, na mtembee, mlime, msikae kutwa nzima.

Tano, moto na moshi. Chai na uji vipoe kidogo. Vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, vinahesabiwa kuwa huenda vinaleta saratani ya umio, na ugonjwa huo ni mwingi katika pande zetu hizi za Afrika. Jiko la kuni liwe nje, au penye dirisha.

Chanjo na vipimo

Saratani iliyomchukua dada yetu karibu kila mara hutokana na virusi vya HPV, vinavyopita katika tendo la ndoa. Tusimnyoshee mama kidole. Virusi hivi ni vya kawaida mno; mke mwaminifu anaweza kuvipata kwa mume wake, na wengi huviondoa bila kujua. Kwa mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka virusi mpaka saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyepata dawa huwa fupi zaidi, na hatari yake ni kama mara sita ya wengine. Wapendwa, hiyo miaka ni rehema. Ni mlango ambao Mungu ameuacha wazi muda mrefu ili tuingie kabla haujafungwa.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi; sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Hakuna kisu. Ikionekana sehemu ndogo, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa baridi kali au kwa joto, kabla haijawa saratani. Mama mwenye miaka 30 na zaidi apime. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25.

Kwa mabinti kuna chanjo. Uganda ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 nchi nzima mwaka 2015, bila malipo. Maneno yanayozunguka bombani kwamba inawafanya tasa siyo kweli. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe. Na watu wazima waulize pia juu ya kupimwa na kuchanjwa homa ya ini aina ya B, kwa maana virusi vyake pamoja na ile sumu ya ukungu hulishambulia ini kwa pamoja.

Maombi, miti na hospitali

Je, tuache miti shamba? Hapana, tini za Hezekia zilitoka mtini. Kuna ua dogo la waridi linaloota karibu na nyumba nyingi, asili yake Madagaska. Kutoka humo hutengenezwa dawa inayotibu saratani ya damu ya watoto, na hata ule uvimbe wa Burkitt. Lakini mwenye kulichemsha na kulinywa anajitilia sumu, kwa sababu hospitali huitoa dawa hiyo na kuipima kwa kipimo kidogo sana. Basi, hakuna mti wa kuchemsha nyumbani uliothibitishwa kuponya saratani. Ukinywa majani yoyote ukiwa kwenye matibabu, mwambie daktari bila kuficha, maana mengine hugombana na dawa. Na ukimsikia mganga, au hata mchungaji, anasema uache dawa za hospitali, kimbia. Nasema hivi nikijua nilivyokuwa.

Kanisa lina kazi yake, na hospitali haiwezi kuifanya: kuomba, kuimba kitandani, kuchota maji, kulea watoto mama anapokwenda Mbarara au Kampala. Hata pasipo na tumaini la kupona, mgonjwa asiachwe na maumivu. Uganda hutoa mofini ya kunywa bila malipo kwa wanaoihitaji. Iulizeni.

Dalili za kutongoja

Uvimbe kwenye titi au popote usioondoka, damu nje ya siku, baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, kidonda kisichopona, chakula kukwama kooni, kikohozi kisichoisha, kukonda bila sababu, taya la mtoto kuvimba. Siyo kila dalili ni saratani, lakini kila mojawapo ni sababu ya kwenda.

Mwisho

Kabla hajafariki, dada yetu hakunilaumu. Alimwomba mke wangu jambo moja tu: binti yake mdogo achanjwe. Siku wauguzi walipofika shuleni, mke wangu alimshika mkono. Mtoto alilia kidogo, kisha akaomba andazi.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao akina mama watakwenda pamoja kituo cha afya kupima. Wakutane kanisani saa mbili asubuhi. Akina baba, siku hiyo kaeni na watoto. Nami nitakuwepo kuwaombea kabla hamjaondoka, kisha nitawasindikiza mpaka mlangoni.

Ee Bwana, uliyemwongezea Hezekia miaka, tusamehe pale tulipokusemea maneno yasiyo yako. Ponya wagonjwa wetu, bariki mikono ya waganga na wauguzi, na utufundishe kuzitunza nyumba hizi za udongo mpaka utakapotufikisha kwetu. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ndugu yenu katika Kristo, wa huduma ya maombi kwa wagonjwa, Nakivale.