Wakati na Wasiwasi

Kila mtu amepewa mali moja iliyo sawa na ya mwenziwe. Tajiri hana zaidi ya maskini, wala mfalme hamzidi mchungaji. Mali hiyo ni saa 24 za mchana na usiku. Haikopeshwi, haiwekwi akiba, na ikitumika vibaya hairudi. Kwa sababu hiyo walimu huwahimiza wanafunzi wasipoteze wakati. Himizo hilo ni jema, lakini halitoshi. Maana wakati una wezi wawili, na aghalabu tunaonywa juu ya mmoja tu. Wa kwanza ni uvivu. Wa pili ni wasiwasi, naye ni hatari zaidi kwa kuwa huvaa nguo za bidii.

Mvivu hujulikana upesi, hata yeye mwenyewe hujijua. Mwenye wasiwasi hajijui. Hukaa mbele ya kitabu saa mbili, macho yake kwenye mistari na moyo wake kwenye mtihani wa mwaka ujao. Anapokifunga kitabu amechoka kama mtu aliyelima, lakini hana mavuno. Leo hakuitumia, na kesho hakuifikia.

Je, mtu hana haki ya kuhofu? Msomaji, swali hili halina budi kujibiwa kwa uaminifu, kwa kuwa ni rahisi sana aliyeshiba kumwambia mwenye njaa atulie. Tazama Modogashe, mji mdogo wa kaunti ya Garissa, mahali njia itokayo Isiolo inapokutana na njia iendayo Wajir. Wenyeji wake walio wengi ni Wasomali, na maisha ya nchi ile yamefungamana na ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka wao una misimu minne: jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka; gu, mvua zianzazo karibu na Aprili; hagaa, miezi mikavu inayofuata; na deyr, mvua zianzazo karibu na Oktoba. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ilikufa kwa wingi. Mwanafunzi ambaye karo yake ilikuwa mbuzi wa baba yake, na mbuzi wakawa wamekwisha, hofu yake haikuwa ya kubuni. Kumwambia asijali kungalikuwa dhihaka.

Lakini ni katika nchi kama hiyo watu walikojifunza tofauti iliyopo baina ya uangalifu na wasiwasi. Malisho yakikaribia kwisha, wafugaji hawaketi wakiulizana mvua itanyesha lini. Humtuma mtu mwenye macho na akili aende mbali, akatazame majani, maji na usalama wa njia, kisha alete habari. Kazi hiyo Wasomali huiita sahan. Hivyo hofu hupewa miguu, njia, na siku ya kurejea.

Na waliobaki hufanya nini? Huenda kisimani. Kunywesha ngamia kwa mkono si kazi ya mzaha. Watu hupokezana ndoo, kutoka chini ya kisima hadi juu, mpaka hori lijae. Mmoja katika safu hiyo akiiacha akili yake iende kwenye ukame wa mwaka ujao, ndoo humponyoka leo. Maji yamemwagika, na kiu ya mwaka ujao haikupungua hata kwa tone moja.

Tena hofu ni mpiga ramli asiyeaminika. Baada ya ukame ule, mwisho wa mwaka 2023, zilikuja mvua nyingi mno hata zikaleta mafuriko na kukata njia. Mtu aliyekesha akiulinda mlango mmoja alitokewa na taabu kwa mlango mwingine. Wajibu wetu ni kujiandaa kwa kadiri tuwezavyo. Kuyaishi mateso kabla hayajafika si sehemu ya maandalizi.

Pengine utauliza ni ipi ya kufuata, maana wahenga walisema kuwa subira huvuta heri, na wakasema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi hazigombani. Ya kwanza yahusu lile lisilo mikononi mwetu; ya pili yahusu lile lililomo. Hekima ni kujua lipi ni lipi.

Elimu ya siku hizi imeyakuta mambo hayo hayo kwa njia yake. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walitangaza uchunguzi wao. Waliwauliza watu zaidi ya 2,000, katika nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini, wanawaza nini, na wana furaha kiasi gani. Ilionekana kuwa karibu nusu ya nyakati hizo akili za watu hazikuwa kwenye jambo walilokuwa wakilifanya, na kwamba akili ikitangatanga, furaha hupungua.

Basi wasiwasi ukikujia wakati wa kazi, fanya hivi. Kwanza, vuta pumzi taratibu, kisha uitoe taratibu zaidi, mara kadhaa. Moyo uliokuwa ukienda mbio utapunguza mwendo. Pili, andika hofu yako kwa sentensi moja, ujiulize kama ina sahan yake. Ikiwa unaogopa hesabu, panga siku ya kumwona mwalimu. Ikiwa hapana la kufanya leo, iache pale ulipoiandika. Tatu, rudi kwenye ndoo iliyo mkononi mwako. Akili itatoroka tena. Irudishe bila kujilaumu, kama mchungaji amrudishavyo mbuzi kundini. Hamchukii mbuzi kwa kutoroka, wala hamwachi aende zake.

Lakini utulivu usigeuzwe kuwa kisingizio. Mkubwa aliyepewa amana ya kuchimba kisima hana ruhusa ya kuwahubiria subira wenye kiu. Na wewe, wasiwasi ukikunyima usingizi na chakula siku nyingi, usiufiche. Mwambie mzazi, mwalimu au daktari. Mzigo mzito hubebwa na wengi, na hapana aibu katika hilo.

Kwa saa ya Kiswahili, saa moja ya asubuhi huja jua likiwa limechomoza, na hesabu ya mchana huanzia kwenye nuru. Kila alfajiri hesabu hiyo huanza upya kwa mvivu, kwa mwoga na kwa hodari. Kesho itakuja na kazi zake, nayo itamhitaji mtu mwenye nguvu. Usizimalize nguvu hizo leo kwa kuihofu.